Kufuta probesheni au kurekebisha masharti: hesabu mpya mezani kwa mwendesha mashtaka wa Marekani

Tuchukue faili la mfano. Mwanamume wa miaka 31 alivunja duka usiku, akakiri kosa, akapewa probesheni ya miaka 3, yaani kifungo cha nje chini ya uangalizi na kwa masharti. Sasa yuko mwezi wa 14. Ripoti ya afisa wa probesheni ina kurasa tatu: hakufika kuripoti mara 2, mkojo wake ulionyesha methamfetamini, dawa ya kulevya, mara 1, na anadaiwa dola 640 za ada na gharama za mahakama. Mstari wa mwisho unasema inapendekezwa probesheni ifutwe.

Faili hili likitua mezani, mwendesha mashtaka ana njia mbili kuu. Anaweza kuiomba mahakama ifute probesheni, mtu huyu apelekwe gerezani kutumikia adhabu iliyokuwa imesimamishwa. Au anaweza kuomba masharti yarekebishwe: muda uongezwe, matibabu yaamriwe, siku chache za mahabusu ziwekwe, ratiba ya kuripoti ibadilishwe. Zamani uchaguzi huu ulitegemea mambo matatu: uzito wa kosa la awali, sura ya mtu mbele ya jaji, na mazoea ya kaunti. Tangu majimbo yaanze kupitisha sheria za mageuzi, swali la kwanza limekuwa kavu kuliko hayo yote: hii ni mara ya ngapi, na zimebaki siku ngapi?

Ni vizuri kujua kwa nini mabunge ya majimbo yaliingilia kati. Probesheni ya Marekani ilianza kama wema. Mwaka 1841 fundi viatu wa Boston, John Augustus, alimwekea dhamana mlevi mmoja mahakamani, akamchukua chini ya uangalizi wake, kisha akamrudisha mbele ya hakimu akiwa mtu mwingine. Massachusetts iliuweka utaratibu huo katika sheria mwaka 1878, na serikali ya shirikisho ikafuata mwaka 1925. Leo karibu watu milioni 3 wako kwenye probesheni nchini humo, wengi kuliko walio magerezani. Mwaka 2019 kituo cha haki cha Baraza la Serikali za Majimbo kilitoa hesabu iliyotajwa sana katika mijadala ya mabunge: asilimia 45 ya walioingia magereza ya majimbo waliingia kwa kukiuka masharti ya probesheni au ya parole (kuachiwa gerezani mapema kwa masharti), na takriban robo ya wote walioingia hawakuwa na kosa jipya, walikosea masharti tu. Gharama ya kuwafunga wakiukaji wote hao ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola bilioni 9.3 kwa mwaka. Kitu kilichobuniwa kupunguza wafungwa kilikuwa kimegeuka mojawapo ya milango mikubwa ya gereza.

Kinachofutwa ni nini hasa

Neno "kufuta" linadanganya, kwa sababu linachofungua hutofautiana kutoka hukumu moja hadi nyingine. Kuna hukumu ambayo jaji alitaja adhabu, tuseme miaka 4, kisha akasimamisha utekelezaji wake. Hapo probesheni ikifutwa, dari linajulikana: miaka ile 4. Kuna hukumu ambayo jaji hakutaja adhabu yoyote, aliahirisha tu kuitoa. Ikifutwa, upangaji wa adhabu unaanza upya. Na kuna utaratibu kama ule wa Texas, ambapo mtu anakiri lakini mahakama inaahirisha hata kumtia hatiani. Akimaliza salama, shauri linaondolewa bila hatia kusajiliwa. Akikiuka, mwendesha mashtaka anaomba atiwe hatiani, na jaji ana uhuru wa kuchagua popote ndani ya kiwango cha kosa. Kwa kuvunja duka, kiwango hicho huwa siku 180 hadi miaka 2. Lau ingekuwa nyumba ya kuishi, kingekuwa miaka 2 hadi 20.

Mwendesha mashtaka mzoefu hufungua hukumu ya awali kabla hajaigusa ripoti ya afisa. Anayeanza na ripoti hujikuta anatishia adhabu ambayo haipo, na wakili wa utetezi aliyesoma hukumu atalijua hilo ndani ya dakika tano.

Chini ya sheria za majimbo kuna sakafu ya Katiba ambayo hakuna bunge linaloweza kuishusha. Katika Morrissey dhidi ya Brewer (1972), Mahakama ya Juu ya Marekani iliorodhesha haki za mtu anayekabiliwa na kufutiwa parole: taarifa ya maandishi ya tuhuma, kuonyeshwa ushahidi dhidi yake, kusikilizwa na kuleta mashahidi, kuwahoji mashahidi wa upande wa pili isipokuwa kuna sababu nzuri ya kuzuia, chombo kisichoegemea upande, na maelezo ya maandishi ya sababu za uamuzi. Gagnon dhidi ya Scarpelli (1973) ikazihamishia haki hizo kwenye probesheni. Baraza la wazee wa mahakama, yaani jopo la raia wanaoamua hatia, halimo. Kiwango cha uthibitisho nacho ni cha chini. Majimbo mengi hutumia mizania ya uwezekano, yaani inatosha kuonyesha kwamba jambo linaelekea zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli, na Texas ushahidi wa sharti moja tu lililovunjwa unatosha kubeba uamuzi wote.

Urahisi huo ndio uliozaa uzembe. Pale ambapo kushinda ni rahisi, watu huacha kujiuliza kama inafaa kushinda.

Mwaka 2021 na faili letu

Sheria tatu zilianza kutumika mwaka 2021, na kila moja inalishughulikia faili letu kwa namna yake.

California ilichagua kukata muda. Kuanzia Januari 1, 2021, probesheni ya makosa madogo haizidi mwaka 1 na ya makosa makubwa haizidi miaka 2, isipokuwa kwa orodha ya makosa ya ukatili, baadhi ya wizi wa zaidi ya dola 25,000, na makosa ambayo sheria yenyewe imeyawekea muda maalumu. Miaka 3 ya mtu wetu haiwezekani tena. Ina maana mwezi wa 14 umebakiza miezi 10, si 22. Na waliokuwa wamekubaliana miaka 3 kabla ya sheria? Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya California, katika shauri la Prudholme, ilisema sheria inawafikia wale ambao mashauri yao hayajawa ya mwisho, na kwamba muda upunguzwe bila kumruhusu mwendesha mashtaka kuvunja makubaliano yote. Kwa ofisi nyingi za mashtaka hilo lilikuwa pigo chungu: walikuwa wamelegeza adhabu kwa kubadilishana na uangalizi mrefu, uangalizi ukafupishwa, ulegezaji ukabaki palepale.

Michigan, kuanzia Aprili 1, 2021, ilikata muda na pia ikaweka ngazi. Probesheni ya makosa makubwa kwa kawaida haizidi miaka 3, na inaweza kuongezwa mwaka mmoja mmoja, mara 2 tu. Ukiukaji wa masharti usio kosa jipya, ambao hapa tutauita ukiukaji wa kiutaratibu, una dari la siku za jela ya kaunti: 15 kwa mara ya kwanza, 30 ya pili, 45 ya tatu. Probesheni haiwezi kufutwa kwa ukiukaji wa aina hiyo mpaka mtu awe ameshaadhibiwa mara 3. Sheria inasema waziwazi kwamba kukosa kipimo cha dawa au kufeli ni ukiukaji wa kiutaratibu. Inatoa nje mambo manne: kuvunja amri ya kutomkaribia mtu aliyetajwa, kuvunja sheria yoyote hata kama hakuna shitaka jipya, kunywa pombe kwa aliyefungiwa probesheni ya kosa kubwa la kuendesha gari akiwa amelewa, na kutoroka. Kutoroka kumepewa kipimo: kutoripoti au kutojulisha mahali alipo, kwa makusudi, kwa siku zisizopungua 60 mfululizo. Mtu aliyepotea siku 48 hajatoroka. Amechelewa.

Mtu wetu akiwa Michigan, na hii ikiwa mara yake ya kwanza, ombi la kufuta halipo kabisa kisheria. Kilichopo ni hadi siku 15, au marekebisho, au vyote viwili.

Virginia ilianza Julai 1, 2021, ikaweka orodha ya mambo kumi yanayohesabika kuwa ya kiutaratibu: kutoripoti kukamatwa, kutodumu kazini, kutofuata maelekezo ya afisa, kutumia au kumiliki dawa za kulevya, kuhama bila ruhusa, kumiliki silaha, kupotea, na mengine ya jamii hiyo. Mara ya kwanza mahakama haiwezi kumfunga hata siku moja. Mara ya pili dhana ya sheria ni kutomfunga, na ikilazimu, siku zisizidi 14. Mara ya tatu mlango wa adhabu yote iliyosimamishwa unafunguka. Silaha na kupotea huruka ngazi moja: mara ya kwanza huhesabiwa kama ya pili, ya pili kama ya tatu. Halafu kuna kifungu ambacho waendesha mashtaka wapya hukiruka wakisoma: ukiukaji mwingi unaosikilizwa katika kikao kimoja haugeuki kuwa mara nyingi. Kutoripoti mara 2 na mkojo mchafu mara 1, vikisikilizwa pamoja, ni mara ya kwanza. Basi.

Kulikuwa na jaribio la kupita dirishani. Jaji anaandika kwenye hukumu sharti maalumu la "kutotumia dawa za kulevya", na mwendesha mashtaka anadai kwamba kulivunja ni kuvunja sharti la mahakama, si lile lililomo kwenye orodha. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Virginia ililikataa hilo. Kinachotazamwa ni tendo lenyewe, jina la sharti halibadilishi kitu. Kama tendo limo kwenye orodha, linabaki la kiutaratibu.

Pennsylvania ilifuata kwa sheria ya mwaka 2023, yenye ngazi za siku 14 na kisha 30 na vighairi vyake. Katika mahakama za shirikisho mambo yameegemea upande mwingine: bunge limelazimisha kufutwa kwa probesheni mtu akikutwa na dawa za kulevya au silaha, akikataa vipimo, au akifeli vipimo zaidi ya mara 3 ndani ya mwaka mmoja. Mtu yuleyule na mkojo uleule huwa na hatima mbili kutegemea amehukumiwa na mahakama ya jengo lipi mtaani.

Kulisoma faili kabla ya kuomba chochote

Cha kwanza ni tarehe. Probesheni inaisha lini, na hatua gani ilichukuliwa kabla haijaisha? California jaji anaweza kuifuta kwa muda, bila kikao kamili, ili saa isimame na mahakama isipoteze mamlaka. Lakini mwaka 2013, katika shauri la Leiva, mahakama ya juu ya jimbo ilisema kusimamisha saa huko hakumfanyi mtu awajibike kwa aliyoyatenda baada ya muda wake halisi kwisha. Virginia mahakama lazima itoe wito au hati ya kukamata ndani ya siku 90 tangu ipate taarifa ya ukiukaji, au ndani ya mwaka 1 baada ya muda kwisha, lolote linalotangulia, na fidia ya mwathirika ina muda wake mrefu zaidi. Muda wa probesheni ukiwa miaka 5, ripoti iliyolala kwenye kikapu miezi 4 haikuwa tatizo. Ukiwa miaka 2, miezi 4 ni sehemu moja ya sita ya maisha ya shauri. Ofisi zilizoumia zaidi na mageuzi ni zile zenye vikapu virefu.

Cha pili ni sharti lenyewe. Je, liliwekwa na mahakama kwa maandishi, mtu akasaini, au ni agizo la afisa lililotolewa kwa simu? "Alikiuka sharti namba 7" haisemi kitu mpaka uone sharti namba 7 lilivyoandikwa. Mara nyingi utalikuta kwenye fomu ya zamani ambayo jaji alikata mistari kwa kalamu, na namba 7 ni mmojawapo wa mistari iliyokatwa.

Cha tatu ni mkojo, na hapa panahitaji subira, kwa sababu mashauri mengi huvunjikia hapa. Kikombe cha kupimia papo hapo kinatambua molekuli zinazofanana na dawa husika. Hakitambui dawa yenyewe. Baadhi ya dawa halali za mafua na za msongo wa mawazo zinaweza kukifanya kionyeshe amfetamini. Ndiyo maana kikombe ni kichujio tu, na kinachofuata ni uthibitisho wa maabara kwa kromatografia na spektrometria ya masi, ambayo hutaja kitu kilichomo na kiasi chake. Mwendesha mashtaka asiye na karatasi ya maabara ana tuhuma, si ushahidi, hata kama mizania ya uwezekano ni ya chini.

Na bangi ina mtego wake wa hesabu. Mabaki yake hukaa kwenye mafuta ya mwili, na kwa mtumiaji wa kila siku yanaweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kuacha. Vipimo 2 vichafu vilivyopishana siku 9 vinaweza kuwa vya matumizi yaleyale. Zamani kosa hilo lilipita bila madhara makubwa, maana mara moja au mbili ilikuwa sawasawa. Sasa kila "mara" ni ngazi. Ukimhesabia mtu mara 2 pale alipotenda mara 1, unampandisha kutoka siku 15 hadi 30 kwa kosa la kemia. Maabara inayotoa kiasi cha dawa kikilinganishwa na kreatinini, taka ya kawaida ya mwili iliyomo kwenye mkojo, inaweza kuonyesha kama kiwango kinashuka, yaani ni mabaki, au kimepanda, yaani ametumia tena. Ombi hilo moja kwa maabara linamaliza ubishi wa saa nzima kortini.

Cha nne ni pesa. Dola 640 za mtu wetu zimetajwa kwenye ripoti kana kwamba ni ukiukaji kama mwingine. Si kweli. Katika Bearden dhidi ya Georgia (1983), mtu alitozwa faini ya dola 500 na fidia ya dola 250. Alilipa dola 100 siku ya kwanza na 100 siku iliyofuata kwa pesa alizokopeshwa na wazazi wake, kisha akaachishwa kazi, zikabaki dola 550. Probesheni ikafutwa. Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo, ikasema mahakama lazima kwanza iulize kwa nini hakulipa. Kama aliweza na akakataa kwa makusudi, au hakufanya juhudi za kweli kutafuta pesa, anaweza kufungwa. Kama alijitahidi akashindwa, mahakama itazame njia nyingine kabla ya kifungo. Ripoti isiyosema lolote kuhusu kipato, kazi na wategemezi haimpi mwendesha mashtaka hoja hata moja ya pesa. Ni afadhali kuliondoa deni kwenye ombi tangu mwanzo kuliko kuondolewa nalo hadharani.

Siku zinazoliwa mahabusu

Kuna kosa moja la kiutendaji ambalo sheria za mageuzi zimelifanya ghali. Afisa anaandika ripoti, hati ya kukamata inatoka, mtu anakamatwa Ijumaa, kikao kinapangwa baada ya siku 23. Dari la adhabu ni siku 15. Siku ya kikao mtu ameshakaa siku 8 zaidi ya adhabu ya juu kabisa, na siku hizo zote lazima zihesabiwe. Mwendesha mashtaka anasimama mbele ya jaji bila chochote cha kuomba. Mtu anatoka siku hiyohiyo, bila mpango wa matibabu, na huenda kazi imekwisha pamoja na kitanda alichokuwa amepanga.

Michigan ililiona hilo, ikaweka dhana kwamba ukiukaji wa kiutaratibu uitiwe kwa wito, si kwa hati ya kukamata, isipokuwa sababu maalumu zionyeshwe. Iliruhusu pia siku za jela zisogezwe hadi 45 kwa mtu anayesubiri nafasi kwenye kituo cha matibabu na hana mahali salama pa kungojea. Ruhusa hiyo ina sura mbili. Inaokoa maisha ya mtu ambaye angerudi kwenye nyumba yenye dawa mezani. Inaweza pia kuwa ngazi ya uani ya kupitishia kifungo kirefu. Mwendesha mashtaka anayeitumia awe na jina la kituo na tarehe ya kitanda. Matumaini ya kupata kitanda hayahesabiki.

Pakiwa na kosa jipya

Kosa jipya linavunja ngazi zote, na ndipo kishawishi kinapoingia. Kuthibitisha wizi mpya mbele ya baraza la wazee kunahitaji ushahidi usioacha shaka. Kuuthibitisha kama ukiukaji wa probesheni kunahitaji mizania ya uwezekano, mbele ya jaji mmoja, wakati mwingine hata kwa ushahidi wa tetesi unaoaminika. Kwa nini basi usianze na probesheni, ukapata kifungo, ukaliacha shitaka?

Sababu za kuanza huko zipo: shahidi anayeogopa anaweza kuhojiwa mara moja tu, na shauri linakwisha mapema. Sababu za kutofanya hivyo pia zipo, na kwa maoni yetu mara nyingi ni nzito zaidi. Shahidi aliyehojiwa kwenye kikao cha probesheni ameshampa wakili wa utetezi kumbukumbu ya maandishi ya kumnasia baadaye. California, tangu 1975, mtu akitoa ushahidi kwenye kikao hicho, maneno yake kwa kawaida hayatumiki kumthibitishia kosa kwenye kesi mpya. Na kuna jambo la rekodi: mtu aliyepelekwa gerezani kwa probesheni iliyofutwa, na shitaka jipya likaachwa, hana hatia mpya kwenye rekodi yake. Kama tendo lilikuwa zito kiasi cha kumfunga miaka, mwathirika wa tendo hilo ana haki ya kuuliza kwa nini halikuitwa kwa jina lake.

Katika majimbo yenye dari, kishawishi kimegeuka upande wa pili: kufungua shitaka dogo jipya ili jambo lisiwe la kiutaratibu. Mtu amekutwa na bomba la kuvutia dawa, jambo ambalo awali lingeandikwa kwenye ripoti tu; sasa anashtakiwa. Sheria haikatazi. Lakini ofisi inayofanya hivyo kwa mazoea inajaza korido za mahakama kwa mashauri ambayo isingeyafungua kamwe lau mtu yule asingekuwa kwenye probesheni, na majaji huanza kuyatambua kwa mwandiko.

Kuna pia suala la nani analipa, ambalo halitajwi kortini. Katika majimbo mengi jela ya kaunti inalipiwa na kaunti, gereza linalipiwa na jimbo. Kufuta probesheni kunamhamisha mtu kutoka kitabu kimoja cha hesabu kwenda kingine. Kurekebisha kunamwacha kaunti, pamoja na matibabu yake, vipimo vyake na afisa wake. Ngazi za siku 15 na 14 zimeurudishia mzigo huo kaunti, na pale ambapo bunge halikutuma pesa pamoja na sheria, marekebisho yanabaki maneno kwenye karatasi. Texas ilipanua vituo vya matibabu mwaka 2007 kwa bajeti ya dola milioni 241 badala ya kujenga magereza mapya, bila kuweka dari la siku. Leo jaji wa huko anaweza kumpeleka mtu wa kosa kubwa kwenye kituo cha kufungiwa cha matibabu kwa siku 90 hadi mwaka 1 kama sharti la probesheni. Mwendesha mashtaka ana kitu cha katikati cha kuomba kwa sababu jengo lipo.

Marekebisho mabaya

Watu huzungumza kana kwamba kufuta ni ukali na kurekebisha ni huruma. Mtazame mtu wetu akirekebishiwa masharti kwa mtindo uliozoeleka: aripoti kila wiki badala ya kila mwezi, apimwe mara 2 kwa wiki, ahudhurie kikundi jioni 3, avae kifaa mguuni na kukilipia kila siku, afanye saa 80 za kazi za jamii. Alikosa kuripoti mara 2 alipokuwa anatakiwa kufika mara moja kwa mwezi. Sasa ana zaidi ya nafasi 20 za kukosa kila mwezi, na kamba hukatikia pabovu. Mahali penye ngazi, mrundikano huo ni njia ya haraka ya kumfikisha mara ya tatu huku kila mtu akidhani amemsaidia.

Jaribio la Hawaii linafundisha hapa. Mwaka 2004 Jaji Steven Alm wa Honolulu alianzisha programu ya adhabu fupi, za uhakika na za haraka: ukifeli kipimo unaingia ndani siku chache, leo, si baada ya miezi. Matokeo ya mwanzo yalivutia, mpango ukanakiliwa bara. Tathmini iliyofanywa katika maeneo manne ya bara haikuona tofauti ya maana ikilinganishwa na probesheni ya kawaida. Mtu anaweza kubishana kuhusu kwa nini, lakini jambo moja liko wazi: siku 3 za mahabusu peke yake si matibabu.

Swali linalofaa kabla ya kuandika sharti jipya ni kwa nini lile la zamani lilivunjwa. Kama alikosa kuripoti kwa sababu zamu yake kazini inaanza saa 1 asubuhi na ofisi ya probesheni inafunguliwa saa 2, rekebisho ni saa ya kuripoti, au kuripoti kwa simu, na linachukua mstari mmoja. Kama ni methamfetamini, rekebisho ni tathmini ya uraibu ndani ya siku zinazotajwa, na kuripoti kunaweza kupunguzwa kwa muda wa matibabu. Mara nyingi rekebisho zuri huondoa sharti moja kwa kila linaloongeza. Pande zote zikikubali, halihitaji hata kikao kirefu: katika mahakama za shirikisho mtu anaweza kuacha haki yake ya kusikilizwa, na rekebisho linalompunguzia mzigo linaweza kupita ikiwa serikali ilipewa nafasi ya kupinga na haikupinga.

Na muda? Kuongeza muda ndilo rekebisho linaloombwa kwa wepesi kuliko yote, na ndilo lililobanwa zaidi na mageuzi. Pale linaporuhusiwa, sababu inayosikika mara nyingi ni fidia ambayo haijalipwa. Hoja hiyo imepungua nguvu. California, kwa mfano, amri ya fidia inaendelea kutekelezwa kama deni la madai baada ya probesheni kwisha, na mwathirika anaweza kuidai bila mtu kubaki chini ya uangalizi.

Yote haya hatimaye yanaishia kwenye amri anayosaini jaji, ambayo mara nyingi huandikwa na mwendesha mashtaka mwenyewe. "Mshtakiwa apate matibabu ya dawa za kulevya kama atakavyoelekezwa" ni sentensi ambayo hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba imevunjwa wala imetimizwa. Amri inayosimama inasema: afanyiwe tathmini kabla ya tarehe fulani, aanze huduma iliyopendekezwa ndani ya siku 10 tangu tathmini au tangu nafasi ipatikane, afisa aijulishe mahakama kwa maandishi kama nafasi haijapatikana, kuripoti kwa wiki kukome akimaliza siku 60 bila kipimo kichafu, na shauri lirudi kutazamwa tarehe iliyotajwa. Iandikwe pia, kwa maneno ya wazi, kama kilichofanyika leo kinahesabiwa kuwa adhabu ya ukiukaji wa kwanza au ni rekebisho lisilo na hesabu. Amri isiposema hivyo, miezi sita baadaye mawakili wawili watabishana kama mtu yuko ngazi ya kwanza au ya pili, na jaji atalazimika kusikiliza kanda ya kikao ili ajue aliamua nini.